Nina CF, naishi Moshi: mizani ilisema niko sawa huku misuli inaisha (uzi wa protini)

FundiWaPasua (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Miaka yote nimekuwa msomaji wa kimya humu. Leo nafungua uzi kwa sababu kuna ule mwingine wa "vyakula vya kunenepesha haraka", na nusu ya ushauri wa mule ningeufuata mimi ningekuwa nimeshazikwa Mailisita.

Mimi ni dada wa miaka 29, fundi cherehani, niko Moshi. Nina ugonjwa wa kurithi uitwao sistiki fibrosisi. Jina la Kiswahili halina, hata hospitalini wanasema CF tu, na mimi nitasema hivyo. Baba ana nakala moja ya jeni mbovu, mama ana moja, wote wazima wa afya na shamba wanalima. Mimi nikaokota zote mbili. Kaka yangu akaponea.

Kuna protini mwilini inaitwa CFTR, ambayo inapitisha kloridi (sehemu ya chumvi) na bikaboneti kwenye utando wa seli. Kwangu haipo, kwa hiyo ute unakuwa mzito kama uji uliolala. Mapafuni unakaa na kufuga bakteria. Kwenye kongosho unaziba vijia vinavyopeleka vimeng'enya, yaani vitu vinavyosaga chakula, kwenye utumbo, na hapo ndipo mada yangu ilipo. Watu wengi wenye CF, kama tisa katika kumi, kongosho lao halipeleki vimeng'enya vya kutosha. Chakula unakila vizuri kabisa, kinapita kama basi la moja kwa moja la Dar, hakuna abiria anayeshuka Moshi.

Utotoni niliitwa mlafi. Sahani mbili za kande na bado miguu kama fimbo ya mwashi. Majirani walianza na minyoo, wakahamia kwa mama: hampi mtoto chakula. Dawa za TB nimemeza mara mbili na makohozi hayakuwahi kuonyesha TB. Nikiwa na miaka 12 baba mdogo, aliyekuwa akifanya kazi Johannesburg, alinichukua, na huko wakanipima jasho. Kloridi milimoli 98 kwa lita. Ikifika 60 tayari ni CF. Mama alipoambiwa kwa simu alinyamaza, halafu akasema, "Si nilisema huyu mtoto ukimbusu ana chumvi?" Alikuwa amesema, kweli, tangu niko mchanga. Hakuna aliyemsikiliza.

Tangu hapo namezea chakula kapsuli za vimeng'enya, na nilinenepa. Sasa kilichonifanya niandike.

Mwaka juzi nilikuwa kilo 50 kwa urefu wa mita 1.51. Hiyo ni BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ya karibu 22, ambayo ndiyo lengo kwa mwanamke mwenye CF (kwa wanaume ni 23). Kila kliniki napanda mizani, 50, napigiwa makofi, narudi kazini. Lakini mkasi wa kukatia suti ulianza kuwa mzito. Kitambaa cha suti nilichokuwa nakata bila kupumzika, sasa nakata upande mmoja, naweka mkasi, nakunja na kukunjua vidole. Nikasema ni umri. Miaka 27, umri gani?

Dada mmoja wa lishe, kijana kuliko mimi, hakuangalia mizani kabisa. Alinipa kifaa nikibane kwa mkono, akazungusha utepe kwenye mkono wa juu, akaandika, akapima tena. Kisha akaniambia, "Dada, kilo zipo. Ila ulichobeba si misuli." Akaniuliza nakula nini. Nikataja kwa majivuno: chipsi, chapati, maandazi, ndizi za kukaanga, siagi kwenye kila kitu. Maana nilifundishwa mtu wa CF anahitaji nishati nyingi, na ni kweli, wengine hadi mara mbili ya mtu wa kawaida. Nishati nilikuwa nayo. Protini nilikuwa naigusa Jumapili.

Jambo moja lililonikaa kichwani: mafuta yakipita bila kusagwa utayajua, choo kinang'aa, kinaelea, harufu inajaza nyumba. Kwa hiyo unajirekebisha, unaongeza kapsuli. Protini ikipita huoni kitu. Unakuja kuiona kwenye mkono, miezi baadaye.

Hii siyo sura tu. Mtu mwenye CF anapumua kwa misuli na anakohoa kwa misuli. Misuli ikipungua kikohozi kinakosa nguvu ya kung'oa ute, ute ukikaa unaleta maambukizi, na mwili ukiwa na maambukizi unakula misuli yake wenyewe. Ukiingia hapo ni kama kuteleza mteremko wa Kibosho mvua ikinyesha.

Nitaendelea na menyu. Kuna mteja mlangoni.


ChaliiWaSakina

Nimeweka kiti cha mbele. Ila mleta uzi, hii si ni ya wazungu?


FundiWaPasua

Chalii, mimi ni Mchaga wa Old Moshi, sina bibi mzungu. Ni kweli kwa wenye asili ya Ulaya iko zaidi, ndiyo maana kwetu daktari anapoona mtoto anakohoa na kukonda anafikiria TB, nimonia, utapiamlo, kwa utaratibu huo. Lakini kuna badiliko la jeni linaitwa 3120+1G>A ambalo linajulikana hasa kwa watu wa asili ya Afrika. Ndilo nililonalo, nakala zote mbili.


ChumaChaNjiro

Dada pole. Mimi ni mwalimu wa jimu hapa Arusha. Kwa hesabu zetu mtu wa kawaida anahitaji gramu 0.8 za protini kwa kila kilo. Wewe kilo 50 ni gramu 40. Kwa kujenga misuli nakupeleka hadi gramu 80 au 100. Punguza ugali, kata wali, piga kuku bila ngozi, mayai meupe, na poda ya protini asubuhi na jioni. Miezi mitatu utaniletea picha.


FundiWaPasua

Mwalimu, gramu umepatia. Mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa mwaka 2016 unasema karibu asilimia 20 ya nishati itoke kwenye protini, asilimia 35 hadi 40 kwenye mafuta, inayobaki kwenye wanga. Mimi nalenga nishati ya kalori 2,500, kwa hiyo ikifuatwa kikamilifu ni gramu 125. Nafika kama 100, na dada wa lishe karidhika.

Umekosea kwenye "punguza ugali". Mwili ukikosa nishati ya ugali na mafuta, unachukua ile protini na kuichoma kama kuni. Ni sawa na kuvunja kabati la mninga upikie chai. Mimi ninayetumia nishati kubwa kupumua tu, nikikata wanga na ngozi ya kuku nitakula nyama kilo nzima na mkono utabaki ule ule. Ngozi ya kuku naila mimi, na ya jirani naiomba.

Poda nimewahi kutumia. Haina ubaya, lakini nayo inahitaji kapsuli. Ukinywa glasi ya poda na maziwa bila vimeng'enya, umeimwaga chooni. Na bei yake kwa mwezi napata trei za mayai nisizoweza kuzimaliza.


MekuWaKibosho

Binti yangu, mimi mzee, ninasoma kwa simu ya mjukuu. Nina swali la mzee. Umesema unakosa protini mwilini, hiyo uliyoitaja kwa herufi. Sasa ukila protini nyingi, mwili si utaitengeneza yenyewe?


FundiWaPasua

Shikamoo Meku. Swali lako ndilo nililouliza Johannesburg nikiwa na miaka 12, na jibu nililielewa nilipokuwa fundi.

Protini ya nyama ni kitambaa. Ikifika tumboni inakatwakatwa vipande vidogo, asidi amino, halafu mwili unashona upya: misuli, damu, kinga, nywele. Jeni ni patani. Patani yangu ya CFTR ina kosa. Ukiniletea jora zima la kitambaa kizuri na patani imekatwa vibaya, nitashona koti bovu au sitashona kabisa. Kwangu mimi halishonwi kabisa. Ndiyo maana hata dawa mpya zile, iliyotoka Marekani mwaka 2019 ikabadilisha maisha ya wengi, mimi hainisaidii. Ile inarekebisha CFTR iliyoshonwa vibaya, inainyoosha ifike mahali pake. Kwangu hakuna cha kunyoosha. Na bei yake huko ilianza kwa zaidi ya dola 300,000 kwa mwaka, Meku, hata kihamba chote, shamba la ukoo, tukiuza haitoshi.

Kwa hiyo nakula protini kwa ajili ya zile patani nyingine ambazo ni nzima.


MekuWaKibosho

Marahaba. Nimeelewa. Kihamba hakiuzwi.


DadaWaKilombero

Menyu dada, menyu! Tumekaa hapa na vijiko.


FundiWaPasua

Haya. Hii ni siku ya kawaida, si siku ya sherehe.

Asubuhi uji wa ulezi wa maziwa, si wa maji, kikombe kikubwa, nakoroga karanga za kusaga vijiko viwili vya kushiba, na mayai mawili. Hapo peke yake ni kama gramu 30. Saa nne ndizi mbivu na glasi ya mtindi, gramu 8. Mchana ugali, maharage kikombe kizima, nyama vipande viwili vitatu, parachichi nusu. Karibu 40. Jioni mtori. Watu wanauchukulia mtori kama chakula cha mzazi, lakini kwangu ni silaha: ndizi zimeiva laini, nyama imechemka hadi inaachia mfupa, siagi juu. Siku nina makohozi na sina hamu ya kutafuna, mtori unateremka wenyewe. Ila jamani nyama iwepo. Ndizi yenyewe ina protini gramu moja tu kwenye gramu mia. Kuna mtori wa hotelini ambao ng'ombe alipita karibu tu na sufuria. Kabla ya kulala maziwa ya moto.

Siku hela haipo, dagaa. Dagaa wakavu gramu mia wana protini zaidi ya gramu 50, hakuna nyama ya buchani inayofika hapo, na unakula na mifupa yake, ambayo kwetu ni muhimu kwa sababu vitamini D haikai vizuri mwilini na mifupa inalegea. Nanunua soko la Mbuyuni, nawaosha kwa maji ya moto, nawakaanga na nazi au karanga. Jirani yangu anasema nyumba yangu inanuka Mwanza.

Kapsuli: zangu zina uniti 25,000 za lipesi, kimeng'enya cha kusaga mafuta. Chakula kikubwa tatu, kidogo moja au mbili. Nameza nikianza kula na nyingine katikati. Ndizi mbivu tupu au soda haihitaji. Msinakili idadi yangu, kila mtu anapimiwa. Kuna kikomo cha uniti 10,000 kwa kilo kwa siku, ukizidisha sana utumbo unaweza kuumia. Usitafune, usimwage punje kwenye mtori wa moto, usiache kwenye dirisha la daladala. Nilimaliza mwaka mmoja mzima nikidhani kapsuli zimechakachuliwa, kumbe mkoba ulikuwa unakaa dukani juu ya rafu chini ya bati, Februari ya Moshi.


UstadhiWaUngaLtd

Assalaam alaykum. Samahani dada kwa swali. Nimesikia vimeng'enya hivi vinatokana na nguruwe. Ni kweli?


FundiWaPasua

Waalaykum salaam. Ni kweli, ni kongosho la nguruwe. Kule kliniki tulikuwa na kijana Mwislamu, familia yake ilimuuliza sheikh wao, akawaambia ni dharura, hakuna kingine cha kuokoa uhai, ameze. Sitaki kusema zaidi, siyo elimu yangu.


UstadhiWaUngaLtd

Barakallahu fiik. Msingi wa dharura upo, kila mtu amuulize mwanachuoni anayemwamini. Nilitaka tu watu wajue kabla hawajashtuka duka la dawa.


BabaNeema

Naomba nisaidiwe kwa upole. Mwanangu miaka mitatu, anakohoa kila mwezi, amelazwa mara mbili kwa nimonia, anakula sana. Kituo kimoja tulichokwenda walisema tusimpe mafuta wala maziwa kwa sababu ya choo chake. Tumeacha miezi minne. Kaisha zaidi. Na kweli ana chumvi usoni.


NesiWaMachame

Baba Neema, mimi ni muuguzi wa watoto. Simwambii mtu ugonjwa kwa simu, na mambo mengi yanafanana na hayo. Lakini nimonia za kurudia, choo cha mafuta, hamu kubwa ya kula huku haongezeki, na chumvi kwenye ngozi, vikikaa pamoja vinatosha kwenda hospitali ya rufaa, KCMC iko hapo. Nenda na karatasi zote za kulazwa. Mwambie daktari wa watoto kwa maneno hayo hayo uliyoandika hapa, usiyapunguze. Taja na chumvi, watu huona haya kuitaja.

Na kuhusu kunyima mafuta: hata wakubwa walishakosea hapo. Miaka ya zamani watoto wa CF walizuiwa mafuta sehemu nyingi. Toronto, Kanada, wakaenda kinyume, wakawalisha mafuta mengi na vimeng'enya vya kutosha. Mwaka 1988 wakalinganisha wagonjwa wao na wa Boston, waliokuwa kwenye mlo wa mafuta kidogo. Matibabu mengine yalikaribiana. Wa Toronto walikuwa warefu zaidi, wanaume wao wazito zaidi pia, na umri wa kati wa kuishi ulikuwa miaka 30, Boston 21.


BabaNeema

Tunakwenda Jumatatu. Asante nesi. Asante fundi.


ChumaChaNjiro

Narudi kwa adabu. Nina swali la kweli sasa. Protini yote hiyo, figo je?


NesiWaMachame

Figo nzima hazitishwi na gramu 100. Ila wagonjwa wa CF wanachomwa sindano za antibayotiki za jamii ya gentamisini na amikasini, na hizo ndizo zinazoweza kuumiza figo. Kwa hiyo kreatinini, kipimo cha damu cha kuangalia figo, ipimwe. Na sukari pia: mtu mzima wa CF, karibu nusu yao huja kupata kisukari cha aina yake, kwa sababu kongosho lile lile linaloziba ndilo linalotoa insulini. Insulini ikipungua misuli nayo inayeyuka, hata ukila ng'ombe mzima. Wengine wanapungua uzito mwaka mzima kabla sukari haijaonekana wazi. Hapo dawa ni insulini, sio kumkatia chakula kama tunavyofanya kwa kisukari cha mzee mnene.


ShangaziWaMarangu

Mwanangu, mimi nakuambia kisusio. Damu ya mbuzi, mchuzi, majani yake. Watoto wetu wote walinyanyuka kwa kisusio. Na mbege, pombe yetu ya ndizi, kidogo jioni ya kuleta hamu.


FundiWaPasua

Shangazi shikamoo. Kisusio kilichochemka vizuri nakunywa, nilikunywa Krismasi nikarudia. Mbege nimeacha, ini langu nalo liko kwenye orodha ya wanaotazamwa. Na maziwa mabichi ya ng'ombe wa nyuma ya nyumba pia siwezi, mpaka yachemke.

Ila nikutanie: kitu ambacho kwenu ni mwiko mimi ndiyo dawa yangu. Chumvi. Jasho langu linatoka na chumvi nyingi mno, kwa hiyo Januari na Februari naongeza kwenye kila kitu, embe bichi na chumvi, supu na chumvi. Nikizembea naanza kizunguzungu na misuli inakaza. Wenye presha msiniige!


ChaliiWaSakina

Kwa hiyo dada, ulivyobadilisha chakula mkono ulirudi? Maana hujamalizia stori, umetuacha kwenye mkasi.


FundiWaPasua

Chalii wewe unasoma.

Haukurudi kwa chakula peke yake. Miezi miwili ya kwanza nilikula mayai mpaka nikayaota, na kifaa cha kubana kikasema vile vile. Dada wa lishe akaniuliza, "Unaifanyisha kazi gani hiyo misuli?" Nakaa kwenye cherehani saa kumi kwa siku. Asidi amino zinafika, zinakuta hakuna aliyeagiza nguo. Akanipa mazoezi ya kitoto: kusimama na kukaa kwenye kiti bila kushika, kusukuma ukuta, kunyanyua chupa za maji. Mwalimu wa Njiro atacheka. Akanigawia pia protini kila mlo badala ya kuirundika jioni. Mwezi wa tatu nikaumwa kifua, wiki mbili za dripu, nikapoteza kilo tatu na karibu kila nilichojenga. Nililia, sitaficha. Nikaanza tena na mtori.


ChumaChaNjiro

Sicheki hata kidogo. Kusimama na kukaa kitini ndiko ninakowaanzishia wote. Sasa nyumbani bila kile kifaa unapimaje?


FundiWaPasua

Ndoo ya lita kumi. Kutoka bombani hadi jikoni kwangu ni hatua 64. Nilipotoka hospitali niliiweka chini mara nne. Mwezi uliopita mara moja, pale kwenye mti wa mparachichi. Leo asubuhi nimepita pale mparachichini nikiwa nayo mkononi, nikaiweka hatua tatu mbele yake, kwa sababu mteja alipiga simu kuuliza suruali yake.